Raba za Ndani

Mama Mchungaji hakuwahi kuingia nyumbani kwa mtu haraka. Sisi wengine tukifika mlangoni tulivua viatu kwa kukanyaga kisigino, kimoja huku kingine kule, tukaingia peku kama watu waliolelewa. Yeye alisimama. Alifungua mfuko wa kitenge uliokuwa ukining'inia begani, akatoa raba nyeusi za kitambaa, zile za wanafunzi wa shule ya msingi, safi kama zimetoka dukani. Halafu akanishika bega. Akavua viatu vya barabarani, akavaa raba, akafunga kamba za mguu mmoja, akapumzika, akafunga za mguu wa pili, huku mwenye nyumba amesimama sebuleni na tabasamu lililoanza kuchoka.

Muda wote huo mimi nilikuwa natazama tenki la maji. Nyumba isipokuwa na tenki, nilitazama kuku. Kuku wasipokuwepo, nilichungulia dirishani nikasoma kalenda ya ukutani mpaka nikajua sikukuu zote za mwaka. Bega nilimwachia, uso niliupeleka kwingine, ili anayetuona ajue kwamba hayo mambo ya raba ni yake peke yake.

Yeye alikuwa mke wa mchungaji wa usharika wetu, upande wa Mwangata, Iringa. Mimi nilikuwa katibu wa umoja wa akina mama, na meza yangu ya vitenge ilikuwa sokoni. Ule mfuko wake wa raba nilimshonea mimi, kwa kipande kilichobaki. Kila wiki tulikuwa na ibada ya jumuiya nyumbani kwa mtu, na mke wa mchungaji haendi peke yake, kwa hiyo kwa miaka mingi nilikuwa nyuma yake kwenye kila mlango wa mtaa ule. Alikuwa na sukari. Ilishamla hisia za miguu, ukimchoma sindano unyayoni hashtuki, na kliniki walimwambia asikanyage chini peku, hata ndani, hata hatua ya kutoka kitandani kwenda chooni. Akaenda akanunua raba. Basi.

Nami nina sukari. Niliseme hili mapema, maana nimelificha vya kutosha. Wakati huo ninaousimulia nilikuwa nimeshaambiwa, na miguu imeshaanza ganzi. Aliyejua ni mume wangu tu, naye nilimwambia nusu. Vidonge vyangu vilikaa kwenye kopo la majani ya chai, juu kabisa ya kabati, mahali ambapo na mimi nilikuwa navisahau.

Kliniki nilienda ng'ambo ya mji, nisikutane na mtu wa usharika. Pale tunakaa kwenye benchi, nesi anasimama mbele na picha ya mguu wenye kidonda. Anauliza, "Nani anatembea peku?" Tunaitikia kwa pamoja, "Hakunaa!" Anauliza, "Miguu tunaitazama lini?" Tunaitikia, "Kila sikuu!" Tunajua kila kitu. Ukitupa mtihani tunafaulu wote. Kisha tunarudi nyumbani, tunavua viatu mlangoni, na miguu tunaitazama siku tukinunua viatu vipya.

Na mimi nilikuwa na ujanja wangu mwingine. Tarehe ya kliniki ikikaribia nilikuwa mtu mwema. Nakula mchicha, natembea kwa miguu mpaka sokoni, chai naiwekea tangawizi badala ya sukari. Nafika kwa nesi, ananitoboa kidole, anasema, "Hongera mama, unajitahidi." Natoka pale nimefurahi kama mtoto aliyepasi, napita kwa muuza maandazi wa kona, najipongeza. Ile ilikuwa sawa na kufagia uwanja kwa sababu mgeni anakuja. Mgeni akiondoka, takataka zinarudi zilikotoka.

Mama Mchungaji hakuwa mtakatifu, tusidanganyane. Alikuwa na majivuno. Nywele zake alizipaka rangi nyeusi akidai ni mafuta ya nazi. Aliogopa ng'ombe kiasi cha kurudi nyumbani akimwona ndama njiani. Akinuna, alinuna mpaka Pasaka. Na vitamu alivipenda. Kwenye sherehe moja ya kipaimara alikula keki, akala nyingine, kisha akaja sokoni akajificha nyuma ya vitenge vyangu, ana chembe za keki kwenye kidevu.

"Usimwambie Mchungaji," akasema.

"Mama, mbona unajua kabisa haikufai?"

"Kujua nimejua tangu siku ya kwanza, Katibu. Kujua kungekuwa kunatosha, ningekuwa nimepona siku hiyo hiyo."

Akajifuta kidevu. Nilidhani ataanza maneno ya toba. Badala yake aliomba maji, akanywa, akasema sasa anatembea mpaka Ipogolo na kurudi, na mimi nimsindikize nusu njia. Kesho yake hakuitaja keki kabisa. Hiyo ndiyo tofauti yetu niliyokuja kuiona baadaye sana. Mimi nikianguka siku moja nilijiambia mwezi wote umeharibika, nisubiri tarehe ya kliniki nianze upya. Yeye alianza upya kabla ya chakula cha jioni.

Hakupenda kabisa neno nia. Mtu akisema jumuiyani kwamba safari hii ana nia ya kubadilika, yeye alikuna shingo. "Nia inalala mapema kuliko mimi," alisema. "Wewe weka raba pale mguu unapotua." Na kweli kwake zilikaa hapo. Zilikuwa chini ya kitanda, upande wake, vidole vikitazama nje, ili akishusha miguu gizani iingie yenyewe. Vidonge vilikaa juu ya kifuniko cha sufuria ya ugali, huwezi kupika bila kuvishika. Taulo la kukaushia miguu lilikuwa juu ya Biblia. Jioni Mchungaji akitaka kusoma neno, lazima kwanza aliondoe taulo, na akiliondoa anamkabidhi mkewe, na mke akishakabidhiwa anakausha katikati ya vidole. Kisha Mchungaji alipiga magoti, mtu mzima, mwenye sauti iliyotikisa madirisha ya kanisa, akazitazama nyayo za mkewe kwa tochi ya simu.

"Siombi kabla unyayo haujatazamwa," alikuwa akisema Mama Mchungaji, tena mbele ya wageni. Watu walicheka. Kuna waliosema Mchungaji kakaliwa. Mimi siku ya kwanza kuliona lile jambo nilisimama nikaenda jikoni kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Chai ilikuwa vita nyingine. Kwetu chai inachemshwa na sukari humo humo, inamiminwa kwenye chupa ikiwa imeshakolea, na utamu wake ndio heshima ya mgeni. Kwa hiyo mtu hawezi kusema ya kwangu msiweke. Imeshawekwa. Yeye aliomba maji ya moto. Mama mwenye nyumba anauliza, "Maji ya moto matupu? Mama Mchungaji, chai yangu ina nini?" Naye anajibu bila kushusha sauti, "Yako haina neno, mwanangu. Mwenye neno ni mimi. Nina sukari." Alilitamka kama mtu anayetaja kabila lake. Pale pale mimi nilipokea kikombe changu, nikanywa, na mara nyingi niliongezewa kufidia cha kwake.

Nikiwa na wenzangu nyuma yake tulimwita Mama Raba. Sikulianzisha mimi jina hilo, lakini nililicheka.

Kuna kisa alichokuwa akikisimulia mwenyewe, na kama angekinyamazia nisingekijua. Mama mzazi wa Mchungaji alikuwa akiishi Kilolo. Mwezi wa saba kule baridi haina adabu. Walifika jioni, bibi yuko jikoni kwake, moto unawaka kwenye mafiga. Mama Mchungaji akasimama mlangoni, akafungua mfuko kama kawaida. Bibi akainua macho.

"Mwanangu, hapa kwangu siyo sokoni. Vua hivyo, uje uote moto."

Ni mama mkwe. Nani anabishana na mama mkwe? Akavua viatu vya nje, raba akaziacha mfukoni, akaingia peku. Akapewa kigoda karibu kabisa na moto, maana ndivyo mkwe anavyokaribishwa siku ya baridi, na miguu yake akainyoosha ipate joto. Wakazungumza habari za shamba. Baada ya muda akasikia harufu.

"Nikawaza, nani huyu kaacha soksi motoni," alikuwa akisema. Aliyepiga kelele ni wifi yake. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vimegusana na kaa la moto, na yeye alikuwa anaendelea kuuliza bei ya viazi.

Viwili vilikatwa. Aliporudi kanisani na fimbo alisimama wakati wa matangazo, baada ya tangazo la harambee, akalieleza lote. Nilikuwa kwenye benchi la mbele na nilitamani sakafu ifunguke. Mke wa mchungaji, anaeleza vidole vyake mbele ya wazee wa kanisa.

"Raba zilikuwa wapi?" akatuuliza. "Kwenye mfuko. Na mfuko ulikuwa wapi?" Akapiga mapaja yake kwa viganja viwili, sauti ikasikika mpaka kwenye kwaya. "Hapa! Mapajani! Mfuko ulikuwa mapajani, na mimi naungua. Msiseme moto umeniunguza. Kilichoniunguza ni kuona haya."

Alikaa chini. Alikuwa analia kwa hasira, na pembeni yake kulikuwa na watu wanaozuia kicheko cha ile soksi. Mimi niliinamisha kichwa kama ninayeomba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nahesabu vidole vyangu ndani ya kiatu, nikivikunja kimoja kimoja, na viwili sikuvipata.

Tangu hapo hakuvua raba kwa mtu yeyote, awe mkuu wa jimbo au mama mkwe. Bibi wa Kilolo mwenyewe alikuja kumnunulia jozi mpya, nasikia alimwomba radhi kwa Kihehe huku amezishika mkononi. Na kamba alikataa kuziacha. Nilimwuliza kwa nini asivae malapa ya kuchomeka tu, tusisimame milangoni mpaka chai ipoe. Akanijibu kwa swali.

"Malapa yakikutoka mguuni wewe utajua?"

"Nitajua, kwa nini nisijue?"

"Mimi sijui. Kamba ndiyo inanijulia."

Haukupita hata mwezi baada ya maneno hayo, tukitoka ibadani mtaa wa juu, nilitembea na wenzangu nikipiga soga hadi karibu na sokoni. Nyuma yetu akaja mama mmoja wa kwaya anakimbia, anahema, ameshika sandali mkononi. "Katibu! Kiatu chako umekiacha kwenye daraja!" Nikatazama chini. Mguu wa kulia una sandali, wa kushoto una vumbi tu. Nilikuwa nimetembea kipande chote kile cha changarawe na kiatu kimoja bila habari. Watu walicheka mpaka wakashikana. Na mimi nikacheka, nikasema, "Mahubiri ya leo yalinipaisha, jamani!" Nikawa mchekeshaji wa wiki.

Mama Mchungaji peke yake hakucheka. Alinitazama mguu, kisha uso, akafungua kinywa. Halafu akakifunga, akasema jua linazama.

Mchungaji alifariki ghafla, katikati ya maandalizi ya Krismasi. Nyumba ya mchungaji ni ya usharika, kwa hiyo mjane hana budi kuondoka, na mwanawe anayefanya kazi Mbeya akasema mama atahamia kwake huko, mtaa wa Soweto. Kabla ya kuhama alikaa Iringa miezi kadhaa akimalizia mambo. Siku moja akaja sokoni, akapita nyuma ya vitenge, akaketi kwenye ndoo niliyoigeuza kiti, akaanza kufungua kamba.

"Katibu, sina wa kunitazamia. Kioo kinanidanganya, na macho yenyewe yameanza ukungu. Nitazamie wewe."

Sikujua pa kuuweka uso wangu. Tenki hapakuwa nalo, wala kuku. Nilipiga magoti kwenye vumbi la soko, nikawasha tochi ya simu, nikaushika mguu wa mke wa mchungaji. Ulikuwa mzito, mkavu kisiginoni, pale palipokuwa na vidole pana ngozi laini ya kung'aa. Nikatazama katikati ya vidole vilivyobaki. Nikamwambia ni mzima. Akasema, "Tazama tena, ulitazama haraka." Nikatazama tena.

Alikuja hivyo kila jioni nilipokuwa nafunga meza, mpaka alipohama. Nilikuwa nikiitazama miguu yake kila siku, mimi ambaye yangu sikuwa nimeitazama tangu kliniki iliyopita. Kuna jioni moja, akiwa anafunga kamba, aliuliza bila kuinua kichwa.

"Na yako?"

"Yangu ina nini, Mama? Mimi mzima."

"Haya," akasema. Akaendelea kufunga kamba. Nilikunja vitenge ambavyo nilikuwa nimeshavikunja.

Mwaka huu binti yangu anaolewa. Mchele wa harusi kila mtu aliniambia nikachukue Ubaruku kwenyewe, nisinunue kwa walanguzi, na kutoka Ubaruku si mbali sana kufika Mbeya, nikamkaribishe Mama Mchungaji kwa mdomo wangu. Ukweli nilikuwa nimemkwepa. Akinipigia simu nilimjibu kwa ujumbe. Nilijua atauliza tena lile swali.

Ubaruku nilifika saa ya jua kali. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye uwanja wa saruji wa mashine ya kukobolea, uwanja mzima wa njano, na vijana wanaugeuza kwa miguu, wanaburuza nyayo kama wanaolima mistari. Mwenye mpunga alikuwa mama mnene mchangamfu.

"Ingia mama, uung'ate mwenyewe uone ulivyokauka. Viatu hapo pembeni tu. Hii inaenda kwenye sahani ya watu."

Nikavua. Hata sikufikiri. Nilitembea juu ya ule mpunga hadi katikati, palipoparuzwa mpaka saruji ikaonekana, nikasimama hapo tukibishana juu ya mchanganyiko wa mbegu. Nikang'ata punje, ikavunjika kwa mlio mkavu, safi. Vijana walikuwa wanarukaruka wakikanyaga penye saruji tupu, mmoja akaniambia, "Mama, wewe una miguu ya chuma!" Nikafurahi. Nilifurahi kabisa, nikamwambia sisi wa Iringa tumezoea shida.

Soweto nilifika kesho yake mchana, kukiwa na ubaridi na mawingu. Mkwe wake, mwanamke wa Kinyakyusa mwenye maneno machache, alinipokea getini. Mlangoni nikavua viatu kwa kukanyaga kisigino, nikaingia peku kama ada.

Alikuwa ameketi karibu na dirisha. Amekonda, nywele zimeachwa zikawa nyeupe zote, na macho yake yalinitafuta kwanza upande usio wangu. Miguuni ana raba nyeusi, kamba zimefungwa.

"Bwana Yesu asifiwe, Mama."

"Amina! Huyo ni Katibu. Kamwene, mwanangu," akanisalimu kwa Kihehe. "Njoo nikushike."

Tulishikana, tukalia kidogo kwa ajili ya Mchungaji, tukacheka kwa ajili ya Mchungaji. Nikampa habari ya harusi. Chai ikaletwa, yake maji ya moto, yangu imekolea. Nikanywa. Alinisikiliza ninavyomeza, kisha akapiga paja lake.

"Leta mguu."

"Mama, nimetoka safari, miguu ni michafu."

"Mimi nilikupa yangu nyuma ya vitenge ikiwa na vumbi la soko zima. Leta."

"Mama, mimi ni mz..."

"Leta mguu, Mama Tumaini."

Hakuwahi kuniita kwa jina la binti yangu. Nikauweka mguu wa kulia mapajani mwake. Hakuweza kuuona, kwa hiyo aliupapasa kwa viganja, kisigino, ubavu, kidole kwa kidole, taratibu kama anayetafuta mawe kwenye mchele. Akaurudisha chini. Nikampa wa kushoto. Viganja vikafika katikati ya unyayo, vikasimama. Akavileta karibu na pua yake, akasugua vidole. Vilikuwa vimelowa.

"Mwanangu," akamwita mkwe wake, kwa sauti ile ile ya matangazo ya kanisani, "acha hicho unachofanya. Njoo unitazamie mguu wa mgeni."

Mkwe akaja, akapiga magoti, akawasha tochi ya simu. Nikasikia akivuta pumzi.

"Mama, umeungua. Ni lengelenge kubwa, limepasuka. Ngozi imetoka. Husikii maumivu?"

Sikuwa nasikia kitu chochote. Ningeapa ule mguu ni mzima. Ndipo nikaukumbuka ule uwanja wa saruji, na wale vijana wanaorukaruka, na mimi katikati na miguu yangu ya chuma. Nilitazama sakafu ya sebule. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti changu kulikuwa na alama ndogo zenye unyevu, hatua kwa hatua, kwenye vigae vyeupe vya watu.

Niliona haya ambayo sijawahi kuiona. Nilitaka kuomba kitambaa nifute. Nikasema tu, "Nina sukari, Mama. Nilikuwa nayo tangu Iringa."

"Najua. Nilijua siku ile ya kiatu darajani."

Nilitegemea anikemee. Ningependa anikemee. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika, umekunjana, na nilipomtazama vizuri niliona kwamba hajanikasirikia mimi.

"Nilijua, nikanyamaza," akasema. "Nikajiambia, huyu ni mtu mzima, ana heshima zake, atasema mwenyewe akiwa tayari. Jioni zote zile umenishika miguu, nami nakuuliza mara moja tu, tena kwa kuinama. Nilikuonea haya. Mfuko ulikuwa mapajani tena, mwanangu. Nimekaa nao mapajani miaka yote hii, na wewe unaungua."

Tulikaa hivyo, wanawake wawili wazima, hakuna anayeweza kumtazama mwenzake, mmoja kwa sababu haoni na mwingine kwa sababu hathubutu. Mkwe ndiye aliyetuokoa. Aliita bajaji.

Kituo cha afya walisafisha, wakafunga, wakanitoboa kidole. Nambari iliyotoka sikuwa nimeifagilia uwanja, na nesi hakunipongeza. Akasema jeraha ni la juu, nimewahi, ningeendelea kulitembelea mpaka Iringa angekuwa ananiambia mambo mengine. Kila siku lisafishwe, kila siku litazamwe, nisikanyage chini peku. "Mama, umewahi kufundishwa haya?" akauliza. Nikamjibu ndiyo. Wakati wa kurudi, mkwe alisimamisha bajaji kwenye duka la vifaa vya shule, akarudi na raba nyeusi, namba kubwa ili bandeji iingie.

Jioni ile kulikuwa na jumuiya nyumba ya tatu kutoka pale. Nilisema nitabaki nipumzishe mguu. Mama Mchungaji akasema ni hatua chache, na kwamba nikibaki nyumbani leo, hata Iringa nitakuwa nabaki. Tukaenda polepole, yeye ameshika mkono wangu, mkwe wake mbele yetu na mifuko miwili.

Mlangoni kulikuwa na rundo la viatu. Ndani watu wameshaanza pambio. Mwenye nyumba, mama wa makamo, akaja na tabasamu.

"Karibuni, karibuni. Mgeni, vua tu hapo uingie."

Ningeweza kuvua. Bandeji ilikuwa nene, ningejiambia inatosha. Nyuma yangu Mama Mchungaji alikuwa amesimama akisubiri, na safari hii hakunisemea.

"Nina sukari," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, na watu wa karibu wakaacha kuimba. "Sitembei peku. Naingia na raba za ndani."

"Na chai yake," akaongeza Mama Mchungaji, "ni maji ya moto."

Mkwe akanipa mfuko. Nikamshika bega, nikavua kiatu cha barabarani, nikaingiza mguu wenye bandeji. Kamba mpya ni ngumu, zinateleza. Mwenye nyumba alikuwa amesimama na tabasamu linaloanza kuchoka. Nikainua macho kumwomba mkwe radhi kwa kumchelewesha, nikakuta amegeuza uso. Alikuwa anatazama tenki la maji la jirani, kwa makini sana, kama mtu anayetaka kulinunua.

Nililijua lile tenki. Nilikaza mkono begani kwake, nikainama, nikaanza kufunga kamba za mguu wa pili.